Jengo Tunalotaka Kujenga Nyumbani, na Kazi Litakayofanya

Hotuba ya Kamati ya Ujenzi iliyosomwa katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu, kabla ya harambee



Kamati ya Ujenzi imepewa dakika chache za kueleza jengo ambalo leo tunawaomba mlichangie. Hatukuja na picha kubwa ya rangi yenye magari na maua mbele yake. Tumekuja na maelezo, kwa sababu tunaamini mtu anayetoa fedha yake ana haki ya kujua inakwenda kufanya kazi gani, na itamfaa nani huko milimani.

Tangu mkutano mkuu wa kijiji ulipotupatia kiwanja, wanachama wamekuwa na mawazo matatu. Wapo wanaosema tujenge ukumbi mkubwa wa mikutano na harusi, ili utuingizie kodi. Wapo wanaosema tujenge chuo cha ufundi, kwa kuwa vijana wanaomaliza kidato cha nne wanazurura. Na wapo wanaosema tujenge maktaba, kwa kuwa watoto hawana mahali pa kusomea jioni. Maneno yamekuwa mengi, hata kwenye kundi letu la simu. Hilo si jambo baya. Watu hubishania kitu wanachokipenda.

Kamati imeyasikiliza yote matatu. Lakini tumeona kuna swali linalotangulia: siku ya Jumanne, mwezi wa tatu, mvua inanyesha, sisi wote tuko mijini kwenye shughuli zetu, ni nani atakayefungua mlango wa jengo hilo, na ni nani atakayeingia? Sisi tunafika nyumbani Desemba. Tunachinja, tunaoza watoto wetu, tunazika waliotangulia, tunarudi. Watu wa nyumbani wako huko mwaka mzima. Tukijenga jengo la Desemba, tutakuwa tumejijengea sisi wenyewe kwa jina lao.

Katika kutafuta jibu tuliangalia watu waliopita njia hii kabla yetu. Kujenga nyumba ya elimu na ya kukutania kwa michango si jambo jipya. Zipo aina kadhaa za majengo hayo, kila moja na kusudi lake. Tutazitaja kwa ufupi, kisha tuseme tumejifunza nini.

Aina ya kwanza: nyumba ya mihadhara kwa mafundi

Uingereza ilipokuwa inajaza viwanda, karne mbili zilizopita, mafundi wa mashine walifanya kazi mchana kutwa bila kuelewa sayansi ya mashine zenyewe. Daktari mmoja, George Birkbeck, alikuwa amewahi kuwafundisha mafundi wa Glasgow. Mwaka 1821 ilianzishwa shule ya jioni ya mafundi huko Edinburgh, na mwaka 1823 Birkbeck na wenzake wakaanzisha taasisi ya mafundi mjini London. Baada ya hapo taasisi za namna hiyo zilienea kwa mamia katika miji ya Uingereza, zikafika hadi Australia.

Jengo lake lilikuwa na sehemu tatu kuu: ukumbi wa mihadhara, maktaba, na chumba cha kusomea magazeti. Nyingine ziliongeza chumba cha vifaa vya sayansi na madarasa ya kuchora. Mwanachama alilipa ada, akaja jioni baada ya kazi. Taasisi ya London ilianza kupokea wanawake mwaka 1830, wakati vyuo vikuu vya nchi ile vilikuwa bado vimewafungia milango. Leo taasisi hiyo ni chuo kikuu kinachoitwa Birkbeck, na bado kinajulikana kwa masomo ya jioni kwa watu wenye kazi. Ile ya Edinburgh imekuwa Chuo Kikuu cha Heriot-Watt. Na katika jengo la taasisi ya mafundi la Manchester ndipo ulipofanyika, mwaka 1868, mkutano wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Uingereza. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya masomo ikawa pia mahali pa watu kukutana na kupanga mambo yao.

Lakini taasisi nyingi za aina hii hazikuwafikia wale zilizokusudiwa. Wenye viwanda na matajiri wa mji ndio waliotoa fedha nyingi, na ndio waliokaa kwenye kamati. Wao ndio walioamua nini kifundishwe. Fundi aliyechoka, ambaye pengine hakuwa amejua kusoma vizuri, aliletewa mhadhara wa kemia. Ada nayo ilikuwa nzito kwake. Baada ya miaka michache viti vilijaa makarani na watoto wa wenye maduka. Jengo lilikuwa zuri, na mafundi walikuwa nje.

Aina ya pili: nyumba ya wachimba makaa ya mawe

Kule Wales, katika mabonde ya makaa ya mawe, mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 wachimbaji walikubaliana kukatwa kiasi kidogo sana kwenye mshahara, kila mara mshahara unapotoka, ili wajenge na kuendesha nyumba yao wenyewe. Kamati iliyoamua vitabu gani vinunuliwe ilikuwa ya wachimbaji hao hao.

Nyumba moja ya aina hii, ya kijiji cha Oakdale, ilijengwa mwaka 1917 kwa mkopo ambao wanachama waliulipa kidogo kidogo. Baadaye ilibomolewa kwa uangalifu, jiwe kwa jiwe, ikajengwa upya katika jumba la makumbusho la St Fagans karibu na Cardiff, ambapo watu wanaitembelea hadi leo. Chini ilikuwa na maktaba, chumba cha kusomea na vyumba vya kamati. Juu ilikuwa na ukumbi wa matamasha, dansi na mikutano. Angalieni mpangilio huo. Chini ni kazi ya kila siku. Juu ni sherehe. Anayekwenda kwenye dansi anapita mlango mmoja na anayekwenda kusoma.

Katika mji wa Tredegar, kijana aliyeingia mgodini akiwa na miaka 13 alijisomea katika maktaba ya nyumba kama hiyo. Jina lake Aneurin Bevan. Alikuja kuwa Waziri wa Afya wa Uingereza, na mwaka 1948 akaanzisha huduma ya afya ya taifa inayotibu watu bila kuwatoza mlangoni. Hatusemi kila maktaba itatoa waziri. Tunasema kijana huyo asingepata vitabu hivyo kama wachimbaji wenzake wasingekubali kukatwa.

Hata hivyo nyumba hizo nazo zilikuwa na udhaifu. Zilitegemea mkaa. Migodi ilipoanza kufungwa, makato yalikwisha, milango ikafungwa, vitabu vikauzwa na vingine kutupwa. Mwaka 1973 ilibidi ianzishwe maktaba maalumu mjini Swansea ili kuokoa vilivyobaki. Nyumba inayosimama kwa nguzo moja huanguka nguzo hiyo ikitolewa. Na sisi tusitegemee tangawizi peke yake, wala kahawa peke yake, wala mfadhili mmoja, hata akiwa tajiri na mwenye moyo mwema.

Aina ya tatu: chuo cha wananchi cha kulala

Huko Denmark, mchungaji mmoja aliyeitwa Grundtvig alifundisha kwamba mkulima mtu mzima anahitaji shule isiyo ya mitihani, shule ya kumfanya aielewe nchi yake na aweze kusimama mbele ya watu akasema. Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Sweden ilifuata mwaka 1868. Jengo lake ni tofauti na ukumbi wa mihadhara, maana lina mabweni, jiko, bwalo na shamba. Wanafunzi na walimu wanaishi pamoja, wanapika na kula pamoja, na mambo mengi wanajifunza mezani.

Wengi hapa mnaijua aina hii kwa jina la kwetu. Mwaka 1975 Tanzania, kwa msaada wa Sweden, ilianza kuanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Vipo 54 katika Tanzania Bara. Vimefundisha useremala, uashi, ushonaji, kilimo, ufugaji na mapishi kwa watu ambao mfumo wa kawaida wa shule ulikwisha kuwaacha. Katika miaka ya karibuni vyuo hivyo vimewapokea mabinti waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito, na vingi vimetenga mahali pa kulelea watoto ili mama asome mtoto akiwa karibu. Chumba hicho kimoja, chenye mkeka, ndoo ya maji safi na mama mtu mzima wa kuangalia watoto, kinaweza kuamua kama binti atasoma au hatasoma. Tuliandika jambo hilo kwenye daftari la kamati na kulipigia mstari.

Jirani zetu wa Moshi nao wametufundisha. Chuo cha Ushirika kilianzishwa mwaka 1963 ili kuwafundisha watunza hesabu na mameneja wa vyama vya wakulima. Hakikuanza kwa kutafuta ukubwa, kilianza kwa kazi iliyokuwa inahitajika. Mwaka 2014 kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi.

Aina ya nne: ukumbi wa jamii

Wazee wetu waliofika Dar es Salaam zamani wanaujua Ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, uliopewa jina la mlowezi wa Kigiriki aliyeutolea fedha. Ulijengwa wakati wa ukoloni uwe mahali pa Waafrika wa mjini kukutana, kujifunza na kuburudika. Serikali ya kikoloni ilitaka watu wapate burudani ya heshima. Watu waliingia wakafanya burudani, na wakafanya zaidi. Mwaka 1953 ndani ya ukumbi huo Julius Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA, na mwaka uliofuata TAA ikageuka TANU.

Somo letu hapo ni kwamba ukumbi si kitu cha kudharau. Watu wakiwa na paa na viti, na mahali ambapo hakuna mwenye nyumba wa kuwafukuza, wanazungumza. Vikao vya kikoba, mkutano wa wazazi, kwaya, kesi ya mpaka wa shamba kabla haijafika mahakamani, yote yanahitaji paa. Wale wanaotaka ukumbi wana hoja. Tunachouliza ni kama ukumbi uanze, na kama ukae peke yake.

Aina ya tano: vyuo vya harambee vya jirani zetu

Kenya wanatufundisha pande mbili. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la nchi hiyo lilitoa ripoti iliyouliza kijana akimaliza shule ya msingi aende wapi. Kutokana na ripoti hiyo zilianza karakana za vijiji, zilizoitwa politekniki za vijiji. Majengo yake yalikuwa ya bei nafuu, na mara nyingine wanafunzi wenyewe walishiriki kuyajenga kama sehemu ya somo la uashi. Kilichofundishwa kilitokana na kazi zilizopo mahali pale.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaja harambee ya vyuo vikubwa vya teknolojia. Kila eneo lilitaka chake. Vingine vimefika mbali sana. Kile cha Nyeri kilichopewa jina la Kimathi leo ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, na kile cha Kakamega ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Hayo ni matunda ya shilingi za wakulima na mbuzi waliopigwa mnada. Lakini katika harambee nyingi za nchi ile ilionekana wazi kwamba fedha za kujenga zilipatikana kwa urahisi kuliko fedha za kuendesha. Siku ya kuchangia kuna ngoma, kuna mgeni rasmi, majina yanasomwa. Siku ya kulipa mshahara wa mwalimu hakuna ngoma. Hata hapa kwetu, kila mwenye macho amepita barabarani akaona boma lililofika usawa wa linta, likaota majani.

Tumejifunza nini

Ndugu wanachama, tukiyaweka pamoja yote haya, Kamati imefikia hoja moja, na ndiyo tunayowaomba muipitishe: tusianze na jengo, tuanze na ratiba. Tujue kwanza nani ataingia, saa ngapi, kufanya nini, na nani atalipa ili paendelee kufunguliwa. Vyumba vifuate ratiba hiyo.

Tulizungumza na watu wa nyumbani kwa makundi. Akina mama walisema kwamba asubuhi wako shambani, na kwamba wao wana nafasi kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili, iwapo kuna wa kuwashikia watoto. Wanafunzi walisema wanataka mahali penye taa jioni, maana nyumbani kuna taa moja na wadogo wanapiga kelele. Vijana wa bodaboda walisema wanataka kujifunza kutengeneza injini na kuchomelea vyuma, lakini hawawezi kuacha kazi miezi sita. Wanataka jioni na mwishoni mwa wiki. Wazee walisema wanataka mahali pa kukaa, kusikia gazeti likisomwa na kunywa chai ya tangawizi yao wenyewe. Hakuna kundi lililoanza na ukumbi wa harusi. Waliutaja mwishoni, wakasema ukipatikana utafaa.

Kwa hiyo tunapendekeza jengo lenye sehemu zifuatazo, tena kwa awamu.

Awamu ya kwanza ni chumba cha kusomea chenye rafu za vitabu, chumba kidogo cha watoto kilichopakana nacho, karakana mbili, ofisi, vyoo vya wanawake na vya wanaume, na tangi la kuvuna maji ya mvua. Karakana moja ni ya ushonaji na usindikaji wa tangawizi, nyingine ni ya useremala, pikipiki na kuchomelea. Karakana zikae upande wa chini wa kiwanja, mbali na chumba cha kusomea, ili kelele za nyundo na vumbi la mbao visiwasumbue wanaosoma. Madirisha ya chumba cha kusomea yawe makubwa na yaelekee upande wenye mwanga, kwa kuwa mwanga wa jua haulipiwi Luku.

Awamu ya pili ni ukumbi. Utashikamana na chumba cha kusomea na kutumia lango moja nacho, kama ile nyumba ya wachimbaji. Atakayekuja kwenye kipaimara aione maktaba. Kodi ya ukumbi itaingia kwenye mfuko wa kuendesha jengo lote.

Awamu ya tatu, Mungu akipenda, ni bweni dogo la wasichana wanaotoka vitongoji vya mbali. Tutalijenga tu baada ya karakana kuthibitisha kwamba zina walimu na zina wanafunzi, na baada ya kukamilisha masharti ya usajili wa NACTVET, kwa sababu hatutaki kijana asome mwaka mzima kisha apewe cheti kisichotambuliwa.

Fedha za kuendesha

Sasa tufike mahali pagumu. Kamati inapendekeza kwamba katika kila shilingi kumi zitakazochangwa, shilingi mbili zisiguswe na ujenzi. Ziwekwe kwenye akaunti tofauti kwa ajili ya posho ya mtunza maktaba, mlinzi, umeme, vitasa, rangi na bati litakalong'oka. Tunajua baadhi yenu hamtafurahi. Mtasema fedha inakaa benki wakati ukuta haujafika juu. Tunakubali kwamba ukuta utachelewa. Lakini ni afadhali jengo dogo lililo wazi kuliko jengo kubwa lililofungwa kwa kufuli.

Sisi watu wa Upare hatuhitaji kufundishwa jambo hili na Wales wala Denmark. Tunazo ndiva. Babu zetu walichimba ndiva kwenye miteremko, maji ya kijito yakajaa usiku, asubuhi yakafunguliwa kwa zamu kwenda mashambani. Kuchimba ndiva ilikuwa kazi ya msimu mmoja. Kuizoa tope ni kazi ya kila msimu, mpaka leo. Baragumu la msaragambo lililia, kila kaya ikatoa mtu na jembe. Ndiva isiyozolewa tope hujaa udongo, na maji hupita juu yake yakaenda zake. Wazee wetu waliweka pia utaratibu wa zamu, ili mwenye shamba kubwa asimnyime mwenye shamba dogo. Jengo hili tulichukulie hivyo hivyo. Harambee ya leo ndiyo siku ya kuchimba. Tope litakuja kila mwaka.

Ndiyo maana tunaomba michango ya aina mbili. Wa kwanza ni mchango wa leo, wa fedha taslimu au ahadi, kila mtu kwa uwezo wake. Wa pili ni mchango mdogo wa kila mwezi. Wanachama 400 wakitoa shilingi 5,000 kila mmoja kwa mwezi, ni shilingi milioni 2 kila mwezi, milioni 24 kwa mwaka. Elfu tano ni fedha ambayo wengi wetu tunaitumia kwa vocha bila kukumbuka. Michango 400 midogo ina nguvu kuliko hundi moja kubwa, kwa sababu mtu mmoja akifilisika au akikasirika, wengine 399 wapo.

Watu wa nyumbani nao hawakukaa mikono mitupu. Wamekubali kutoa mawe, mchanga na siku za msaragambo kwa ajili ya msingi. Tunaomba kazi hiyo ihesabiwe na kuandikwa kwenye kitabu cha michango, jina kwa jina, sawa na fedha zetu. Mama aliyebeba mawe kutoka korongoni amechangia, na jina lake linastahili kusomwa kama la mkurugenzi.

Nani atakuwa na sauti

Jambo la mwisho ni uongozi. Tunapendekeza bodi ya wadhamini iandikishwe RITA, na ardhi iwe kwa jina la bodi hiyo, isiwe kwa jina la mtu wala la ukoo. Tunapendekeza kamati ya kuendesha jengo iwe na wajumbe tisa: watatu kutoka chama chetu huku mijini, na sita wanaoishi nyumbani, na katika hao sita wasiopungua watatu wawe wanawake, na mmoja awe kijana wa chini ya miaka 25. Wapo watakaouliza kwa nini wenye fedha wawe wachache. Jibu tumekwisha kulitoa. Taasisi za mafundi zilizoamuliwa na wenye fedha zilibaki bila mafundi. Nyumba zilizoamuliwa na wachimbaji zilijaa wachimbaji.

Hesabu za mapato na matumizi zibandikwe ukutani, kwenye mlango wa jengo lenyewe, kila baada ya miezi mitatu, kwa Kiswahili chepesi. Zisisomwe hapa Dar es Salaam peke yake.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu wanachama, haya ndiyo maelezo yetu. Hatuahidi jengo litakaloonekana kutoka barabara kuu ya Arusha. Tunaahidi mlango utakaofunguliwa siku ya Jumanne mwezi wa tatu, na mama mwenye mtoto mgongoni akiingia ajue mtoto anamweka wapi na yeye anakaa wapi.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Ina sehemu mbili, mchango wa leo na mchango wa mwezi. Tunawaomba msiiache ile ya pili wazi. Walioko mbali na ambao hawakuweza kufika, tafadhali wapelekeeni kijitabu hiki, na muwaeleze yaliyomo.

 Mungu aibariki kazi ya mikono yetu.